Sheria ya Tisa ya Mapenzi

Palikuwa na nchi, na wanaosema haikuwapo waulizwe wao walikuwa wapi siku hizo. Nchi hiyo iliitwa Uwana, na watu wake waliitwa Wana. Ng'ambo ya bahari, safari ya miezi miwili kwa merikebu, palikuwa na nchi nyingine, kubwa, yenye baridi na makaratasi mengi. Jina lake halisi lilikuwa refu, kwa hiyo sheria iliagiza iitwe Mama tu. Mababu wa Wana walitoka huko. Mama mwenyewe aliwapakia merikebuni, akawapungia kitambaa, akawaambia, "Nendeni mkalime, wanangu. Mimi nitakula kwa niaba yenu."

Mama aliwapenda wanawe kwa maandishi. Sheria ya Kwanza ya Mapenzi ilisema pamba ya Uwana isiuzwe kwa yeyote isipokuwa Mama, kwani mtoto mwenye adabu hapeleki sahani kwa jirani mama yake akiwa hai. Sheria ya Pili ilisema pamba hiyo isafiri kwa merikebu za Mama tu. Merikebu zikichelewa, pamba ikae gatini inyeshewe, ijifunze subira. Sheria ya Tatu ilisema mwana akikosa kitu akinunue kwa Mama. Sheria ya Nne iliongeza: na asichokikosa pia.

Ndiyo maana asali ya Uwana ilikwenda ng'ambo kwa mapipa, ikarudi baada ya miezi sita ndani ya vichupa vyenye picha ya nyuki, bei mara kumi na mbili. Mzee mmoja alithubutu kumuuliza Mlezi Mkuu, yule mheshimiwa aliyetumwa na Mama kuwatawala Wana, asali hiyo imebadilika nini. Mlezi Mkuu alimtazama kwa huruma.

"Mzee wangu," alisema, "asali ilipoondoka hapa ilikuwa tamu tu. Sasa ni tamu kisheria."

Kila kitu kilichooteshwa, kilichofugwa au kilichotengenezwa Uwana kilikuwa na nafasi yake katika orodha ya Bodi ya Malezi, iliyopangwa kwa herufi kutoka achari mpaka zulia. Kitu kimoja tu kilisahauliwa. Inasemekana karani wa Bodi alipofika kwenye kitunguu alikwenda kula, na aliporudi akaendelea na kondoo. Katikati pale kofia ilimponyoka.

Kwa kosa hilo la karani mwenye njaa, Zuwena aliishi vizuri miaka kumi na sita.

*

Zuwena alikuwa mtu wa haya. Akienda dukani aliwasubiri wote wahudumiwe kwanza, hata waliokuja nyuma yake, na mara nyingine alirudi nyumbani bila chumvi kwa sababu mwenye duka alikuwa anazungumza na hakutaka kumkatiza. Lakini vidole vyake havikuwa na haya hata kidogo. Alishona kofia nyeupe za vijitundu mia sita na kumi na viwili, kila kijitundu kimezungushiwa hariri. Mshono huo alifundishwa na marehemu mama yake mzazi, na yeye akawafundisha wanawake kumi na wanane walioshona pamoja naye uani. Wafanyabiashara wa nchi ya Kusini walikuwa wakija kuzinunua, na walilipa bila kubishana sana.

Kwa kofia hizo alimlea mdogo wake, Ngwali. Mama yao alipofariki Ngwali alikuwa na miaka saba, Zuwena kumi na mitano. Alimsomesha mpaka darasa la mwisho lililokuwapo, akamnunulia viatu kila mwaka alipozidi viatu vya mwaka uliopita. Ngwali alikuwa na sauti nzuri, ya kusikika uwanja mzima. Zuwena alikuwa na sindano. Ndugu wawili hao waligawana kazi namna hiyo: mmoja ashone, mwingine asemee.

Siku moja, ng'ambo, mjumbe wa Bodi ya Malezi aliona kofia ya Uwana juu ya kichwa cha balozi wa Kusini. Hakula chakula chake cha mchana. Jioni hiyohiyo ikatungwa Sheria ya Nane ya Mapenzi: kofia zote za Uwana ziuzwe kwa Mama peke yake.

"Lakini kule kwa Mama hawavai kofia hizi," walisema wanawake.

"Hawavai," alikubali Mlezi Mkuu. "Ila Mama ana haki ya kukataa kuzinunua kabla ya mtu mwingine yeyote."

Kofia zikaanza kurundikana ndani ya nyumba ya Zuwena mpaka dirishani. Wanawake wakakaa uani na sindano mapajani, wakashauriana, na shauri likawa moja: Ngwali aende ng'ambo akawasemee. Mama hajui tu. Mama akiambiwa ataelewa. Walichanga nauli, wakaandika barua ya maombi yenye salamu kurasa tatu na shida nusu ukurasa.

"Basi ndiyo anakwenda hivihivi?" aliuliza Bi Kazija, mkubwa wao kwa umri na kwa mdomo.

"Ana barua," alisema Zuwena.

"Barua! Mtu humwendea mama yake na barua? Wewe Zuwena, nani alikulea?"

Wote wakainamisha vichwa kwa aibu, kwa sababu Bi Kazija alikuwa amesema kweli. Katika desturi za Uwana hakuna aliyeingia nyumbani kwa mama yake mikono mitupu. Hata anayekwenda kugombana naye hupitia sokoni kwanza. Wakafikiria ndizi, lakini ndizi zingeoza njiani. Wakafikiria kofia, lakini Mama alikuwa ameshazikataa. Ndipo Zuwena, kwa sauti ambayo ilibidi wasogee ili waisikie, akasema:

"Tumpe mshono."

Bi Kazija aliiweka sindano yake chini. Zuwena akaendelea:

"Niuchore wote kwenye kitambaa, aone tunavyofanya."

"Mwanangu," Bi Kazija alisema taratibu, "huo ndio unaotulisha."

"Ndiyo maana utakuwa zawadi, Bi Kazija. Tukimpa kisichotuuma atajuaje tunampenda? Akiona tumemfungulia hivi, ataona haya kutubana."

Zuwena aliamini kwamba kila mwenye nguvu huona haya. Alichukua kofia ambayo mama yake mzazi alimwachia, akaifumua kijitundu kimoja baada ya kingine, na kila alichokifumua akakichora kwa wino juu ya kitambaa cha marekani. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa. Ngwali alipopanda merikebu, kitambaa kilikuwa kimekunjwa kifuani mwake, ndani ya shati.

"Dada," alisema, "nitawasemea mpaka Mama alie."

*

Na kweli Mama alilia. Miezi minane baadaye Wana waliitwa uwanjani na Mlezi Mkuu akapanda jukwaani, amevaa mkanda wa heshima uliopita begani, ukazunguka tumboni na bado ukabaki.

"Wanangu!" alisema. "Mama alipokiona kitambaa chenu, alilia!"

Wanawake kumi na wanane wakapiga vigelegele. Bi Kazija alimkumbatia Zuwena mpaka ushungi ukamvuka.

"Alilia kwa uchungu! Vijitundu mia sita na kumi na viwili, kwa vidole vya watoto wake! Mama gani angevumilia? Kwa hiyo, kwa Sheria ya Tisa ya Mapenzi, kuanzia leo mwana yeyote wa Uwana haruhusiwi kushona kofia. Pumzikeni. Mama atashona mwenyewe, na nyinyi mtanunua!"

Watu walipiga makofi. Wana walikuwa na mazoea ya kupiga makofi kwanza na kuelewa wakishafika nyumbani.

"Sindano zote zikabidhiwe," Mlezi Mkuu aliendelea. "Kila mtaa utabakiziwa moja ya kutolea miiba, itakayotunzwa ofisini. Mwenye mwiba ataomba kwa maandishi, akieleza ni mguu upi."

Zuwena hakupiga makofi, wala hakukasirika. Alijua pamekuwa na kosa mahali fulani, kama lile la karani na chakula chake. Ngwali alikuwa bado hajarudi. Akirudi atalisema, nalo litasahihishwa. Kila merikebu ilipoingia alichinja kuku, na merikebu ikipita bila Ngwali, kuku yule aliliwa na majirani.

Merikebu ya nne ilimleta. Alishuka amevaa koti refu la sufu lenye vifungo vya shaba, katika joto lile ambalo hata paka walilala juu ya vigae vya jikoni, na nyuma yake aliandamana tarishi aliyebeba kibao: MKAGUZI MKUU WA VICHWA. Hakupitia kwa Mlezi Mkuu. Alikwenda kwanza kwa dada yake, na Zuwena alipoiona sura yake mlangoni akafurahi kiasi kwamba hakuwaona askari wawili waliokuwa naye.

"Karibu, mdogo wangu. Umekonda. Chakula tayari."

Ngwali alikunjua karatasi. "Bibi Zuwena, mkazi wa mtaa huu," alisoma, "unatakiwa kukabidhi sindano zote zilizomo katika ua wako."

"Wewe Ngwali!" Bi Kazija aliruka kutoka mkekani. "Nimekufuta makamasi kwa kanga yangu hii hii! Isome tena hiyo karatasi, umeisoma vibaya!"

"Sheria haina makamasi, Bi Kazija."

"Basi ina pua ndefu!"

Askari mmoja alicheka, kisha akakumbuka mshahara wake. Zuwena alipita kwa wanawake mmoja mmoja, akakusanya sindano, na kwa kuwa Ngwali hakuwa na kitu cha kuzitilia, alizichomeka zote kwenye mche wa sabuni, zisije zikamchoma mkono. Askari waliuchukua na mche wenyewe.

Chakula kilibaki mezani mpaka kikapoa. Zuwena alikuwa bado anangoja Ngwali ageuke, amkonyeze, amwambie kwa macho kwamba kuna mpango. Ngwali hakugeuka.

*

Kofia za Mama zilifika zikiwa ndani ya masanduku yenye nembo. Kila mwana alipaswa kununua tatu kwa mwaka. Zote zilikuwa za kipimo kimoja, kilichochukuliwa kwenye kichwa cha katibu wa Bodi ya Malezi, mtu mdogo mwenye mawazo machache. Kazi ya Ngwali ilikuwa kuhakikisha vichwa vya Uwana vinaingia. Kichwa kilichokataa kilitozwa faini ya ukaidi, na mwenye nacho alishauriwa akinyoe na afikiri kidogo.

Wanawake kumi na wanane walikwenda kuchuma pamba. Kofia za Mama zilihitaji pamba nyingi kuliko zamani, na Mama aliinunua kwa bei aliyoipanga yeye, katika siku aliyoipenda yeye. Zuwena naye alichuma. Vidole vyake vilichanwa na vikonyo vya pamba, na kila jioni vilijikunja vyenyewe, kidole gumba na cha shahada, kana kwamba kati yavyo bado kuna kitu chembamba.

Ajabu ni kwamba kofia za Mama hazikukaa. Siku ya nne uzi ulianza kuchomoza utosini. Siku ya saba mtu aliweza kutoka sokoni na uzi ukimfuata nyuma mpaka nyumbani, na mbuzi wakiufuata uzi. Kufikia siku ya kumi alibaki na duara la kitambaa kichwani, kama kifuniko cha sufuria. Malalamiko yalipofika kwa Mlezi Mkuu, alitoa tamko: "Kofia hazifumuki. Zinapumua."

Lakini ng'ambo hawakuridhika na tamko. Kofia zilizouzwa na Mama nchi ya Kusini nazo zilikuwa zinapumua, na watu wa Kusini walitaka fedha zao.

*

Ijumaa moja mchana Ngwali alikuja kwa dada yake peke yake, bila koti, bila kibao. Alivua viatu mlangoni kama zamani. Zuwena alimpakulia wali na mchuzi wa kunde, akakaa mkabala naye, na kwa muda alisikiliza tu jinsi anavyotafuna.

"Dada," Ngwali alisema, "kile kitambaa hakikutimia."

"Nilichora vyote. Mia sita na kumi na viwili."

"Vyote vipo. Vimehesabiwa na watu kumi na wanne wenye miwani. Ila mwisho wa uzi, pale unapomalizia. Unafungaje?"

Zuwena aliviangalia vidole vyake. Hakuwa ameficha. Fundo lile hakuwahi kulifikiria hata siku moja. Lilijifunga lenyewe, kama macho yanavyojifumba upepo ukivuma.

"Ah," alisema. "Lile."

"Lile, dada. Nioneshe mara moja tu."

"Nitakuoneshaje bila sindano?"

"Nieleze kwa maneno."

"Halina maneno. Kaombe ile ya miiba."

"Nimeomba. Wamenijibu kwamba sina mwiba."

Zuwena akacheka. Ngwali naye akacheka, mpaka punje ya wali ikamwingia puani, na kwa kitambo kidogo walikuwa watu wawili tu katika nyumba moja, mmoja ana miaka saba na mwingine kumi na mitano. Kisha Ngwali akachomoa kitu kutoka kwenye pindo la shati lake, akakiweka katika kiganja cha dada yake. Ilikuwa sindano.

Zuwena alifumba kiganja. Aliona furaha kubwa sana, na furaha hiyo ikamtia aibu.

"Ngwali. Ulipofika kule, ulitusemea?"

Ngwali aliacha kula. "Nilikaa ukumbini kwao siku arobaini, dada. Kwenye benchi. Watu wanapita, hakuna anayeniangalia. Siku ya arobaini na moja akatoka mmoja, akaniuliza, 'Na wewe mwenyewe, kijana, unataka nini?' Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo."

Zuwena alikumbuka viatu vya kila mwaka. Ni kweli, hakuwahi kumuuliza. Alikuwa akimpa tu.

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia nasikia baridi." Ngwali alitazama sahani. "Wakanipa koti."

"Na kitambaa?"

"Kilikuwa ndani ya shati. Ili nivae koti, walisema, nitoe nilichobeba."

Nje kuku mmoja aliyebaki alikuwa anaparua mchanga.

"Nikikuonesha fundo," Zuwena alisema, "wanawake watarudi kushona?"

"Ukinionesha, mimi sitafukuzwa kazi."

"Sikukuuliza hilo, mdogo wangu."

Ngwali alifungua mdomo. Ile sauti ya kusikika uwanja mzima haikutoka. "Hapana," alisema mwishowe. "Hawatarudi."

Zuwena aliiweka sindano kando ya sahani yake, taratibu, kama mtu anavyomwekea mgeni kijiko.

"Basi kula. Wali unapoa."

"Dada! Watanifunga!"

"Watakufungaje," sauti ya Bi Kazija ilitoka upande wa pili wa uzio, ambako inaonekana alikuwa tangu mwanzo, "na fundo hawalijui?"

*

Bodi ya Malezi ilikaa vikao ishirini na mbili, ikala biskuti zote, na mwisho ikagundua kwamba kofia za Mama hazina kasoro. Kasoro ilikuwa katika upepo wa Uwana. Ngwali hakufungwa. Alipewa Sheria ya Kumi ya Mapenzi aisome uwanjani, kwa sababu ya sauti yake.

"Kila mwana," alisoma, "atokapo nje ya nyumba yake, ataishikilia kofia yake juu ya kichwa kwa mkono mmoja. Upepo ukizidi, kwa mikono miwili."

Minong'ono ikapita uwanjani. Katika Uwana hakuna anayeweka mikono kichwani. Mtoto akijisahau akafanya hivyo hupigwa vidoleni papo hapo: "Shusha! Unamwitia mama yako mauti?" Mtu huiweka siku moja tu maishani, siku anayofiwa na mama, akitoka nyumbani kwake kuelekea makaburini. Hata vipofu walijua hivyo. Ngwali alijua pia. Aliwahi kutembea hivyo akiwa na miaka saba, amemtangulia Zuwena hatua chache, mikono yake midogo haijafika utosini.

Alifika mwisho wa sheria, akakohoa. Kisha, kama mfano kwa wananchi, akauinua mkono wake wa kulia akauweka kichwani. Zuwena alimtazama mdogo wake akifanya hivyo mbele ya watu wote, na kitu alichokuwa akikingoja tangu siku ya sabuni, yale macho ya kumkonyeza, akaacha kukingoja.

Watu walitii. Waliopigwa faini ya kwanza waliwafundisha wengine. Wachumaji pamba walichuma kwa mkono mmoja. Wauza samaki walipima kwa mkono mmoja. Wazee walikaa ndani wasitoke, na watoto walilia kwa sababu ile mikono iliyokuwa ikiwapiga vidole sasa iliwainulia mikono kichwani.

Mwaka huo Mama alimtuma mjumbe wake mwenyewe, mwenyekiti wa Bodi ya Malezi, aje kupokea shukrani. Alikuwa mtu makini. Miezi miwili ya safari aliitumia kusoma kitabu kuhusu mila za Wana, asije akawakosea. Merikebu ilipotia nanga Mlezi Mkuu alikuwa amewapanga Wana wote gatini kwa mistari, bendi mbele, maua pembeni. Upepo wa bahari ulikuwa mkali siku hiyo. Maelfu ya watu walisimama na mikono yote miwili kichwani.

Mwenyekiti alikanyaga gati, akaona, akasimama. Akavua kofia yake. Akaiamuru bendi inyamaze.

"Mheshimiwa, ni upepo tu," alianza Mlezi Mkuu.

"Nimesoma," alisema mwenyekiti kwa ukali. "Mnadhani sisi hatuwajui?" Akamsogelea mwanamke aliyekuwa mstari wa mbele, akainama kidogo, kwa heshima ya kweli. Mwanamke huyo alikuwa Zuwena.

"Bibi, pole sana. Mmefiwa na nani?"

Zuwena hakuwahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya kumi na wanane. Hatua tatu kutoka kwake alisimama Ngwali, mikono kichwani, akimkazia macho ya kumsihi.

"Na Mama," alisema Zuwena.

Safari hii hapakuwa na haja ya kumsogelea. Alisikika mpaka mstari wa nyuma.

Mwenyekiti alitazama watu wale, mstari baada ya mstari. "Amefariki lini?"

"Siku yenyewe hatuijui, bwana. Alifia huko ng'ambo," Zuwena alisema. "Habari katuletea mdogo wangu, huyu hapa."